Barua kwa mwanangu: Kadi ndani ya droo

Mama,

Salaam zako zimefika, na ile sauti uliyorekodi usiku nimeisikia yote. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu nikianza kuongea kwenye simu mama yako anaingilia, kisha tunabishana sisi wawili na wewe unabaki kusikiliza. Kijana wa jirani ataipiga picha barua hii akurushie kwa Wasapu. Mwandiko wangu unausoma tangu shule ya msingi, hutashindwa.

Umeniuliza kama ujiunge na ule umoja wa wafanyabiashara wadogo wa hapo Dodoma. Kiingilio 50,000, ada 10,000 kila mwezi, Jumamosi asubuhi mnakutana mgahawani, kila mtu anasimama dakika mbili anaeleza biashara yake, halafu mnaelekezana wateja. Ukasema pesa si tatizo sana, tatizo ni kusimama. Unaona haya kuwaambia watu kwamba wewe ni fundi makochi na mapazia unayeijua kazi, na haya hiyo, unasema, umeirithi kwa baba yako.

Huenda. Mimi nimewalea kwa msemo mmoja, na kaka yako alikuwa akiniigiza nikiusema mpaka na sauti: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nausema tena leo, sijaona sababu ya kuuacha. Karakana ya Barabara ya Kumi na Mbili haikuwahi kuwa na kibao, na watu walifika. Waliuliza njia Ngamiani nzima, hapa Tanga, lakini walifika.

Ila habari ya hizo dakika mbili imenikumbusha yule bwana wa kadi. Kisa chake unakijua nusu, ile nusu anayoisimulia mama yako huku anacheka. Ngoja nikupe nusu yangu.

Mwaka 1998, barabara bado zina makovu ya mvua za El Nino, nilipata nafasi kwenye banda la SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, pale maonyesho ya Sabasaba, Dar es Salaam, viwanja vya barabara ya Kilwa. Wewe ulikuwa darasa la nne. Nilipeleka kabati moja tu la nguo, milango miwili na droo tatu chini, mninga mtupu wa Tabora. Mbao zile nilizilaza darini mwaka na zaidi, zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, kwa sababu mbao mbichi ukiiwahi inakuaibisha mwezi wa tatu, mlango unapinda na mteja anakusema. Kona za droo sikupiga msumari hata mmoja, nilizifumanisha kama vidole vya mikono miwili. Njia zake nikazisugua kwa mshumaa. Ukiisukuma droo inakwenda yenyewe, na mwisho inapumua kidogo, ile hewa ya ndani inatoka. Fundi anayejua akisikia pumzi hiyo anageuka kutazama.

Nikakaa kwenye stuli nyuma ya kabati. Mtu akija anafungua droo, anafunga, anafungua tena kwa raha yake. Mimi kimya. Akiuliza bei namtajia, asipouliza nampisha. Ndivyo nilivyofundishwa na babu yako, na babu yako naye alifundishwa hivyohivyo.

Jirani yangu wa banda alitoka Keko, mtaa wa mafundi fenicha wa Dar es Salaam. Nasema alitoka Keko, sisemi alikuwa fundi, maana ufundi wake sikuuona. Alileta stuli mbili na albamu ya picha, akavaa kaunda suti ya rangi ya ugoro iliyopigwa pasi hadi mikunjo inakata. Mtu mwema, sina la kumnyima hapo. Alininunulia chai kila asubuhi. Nikienda kuswali adhuhuri ananiangalizia vitu, na nikirudi nakuta kundi la watu limezunguka kabati langu, yeye yuko katikati anasukuma droo: "Sikilizeni, haina hata kelele!" Nilifurahi. Mimi mdomo sina, nikasema Mungu kanipa jirani mwenye nao.

Kabati likanunuliwa na mama mmoja wa Upanga kwa 180,000. Alitanguliza 120,000, iliyobaki anipe nikishalifikisha kwake na kulifunga. Basi maonyesho yakaisha, nikalipeleka. Niko chini nimepiga goti, bisibisi mkononi, nakaza bawaba ya mlango wa kulia, yeye anatandika magazeti kwenye droo. Akatoa kadi. Akaisoma, akanitazama pale chini, akasema: "Ahaa, kumbe wewe ni kijana wake!"

Kijana wake. Nina miaka thelathini na minane, nina watoto wanne, mikono yangu yote ina makovu ya patasi.

Droo zote tatu zilikuwa na kadi. Jina lake, sanduku lake la posta, simu ya mezani, na chini herufi za kulala: mtengenezaji wa fenicha bora. Bado nilikuwa namdai mama yule 60,000. Nikakaza bawaba.

Hapa ndipo mama yako huwa anaangua kicheko. Mimi hadi leo sioni kinachochekesha.

Kesho yake nikaenda Keko kumtafuta, na sikwenda kwa heri. Nikamkuta kwenye kibanda chenye benchi moja na kalenda ukutani. Sikumaliza hata salamu, akaniwahi: "Fundi! Nilikuwa nauliza nitakupataje Tanga." Akafungua daftari. Watu walikuwa wamepiga simu wanataka kabati kama lile la Sabasaba, majina yao yameorodheshwa, vipimo, na wengine tayari wametoa tangulizi. Akanitazama usoni bila kupepesa. "Tugombane kwanza," akasema, "au tuhesabu mbao?"

Tulihesabu mbao.

Mambo mengine unayakumbuka mwenyewe: Fuso linarudi nyuma uchochoroni usiku, makabati yamefungwa magunia na mablanketi, safari ya Segera, Chalinze, hadi Keko. Mimi namuuzia kwa 150,000, yeye anauza 260,000. Bei yake niliijua baadaye, kwa dereva. Miaka ile ndiyo iliyowasomesha sekondari wewe na kaka yako, na bati za nyumba hii ni za miaka ile. Na katika nyumba za Dar es Salaam zilizokuwa na kazi yangu, hapakuwa na mtu aliyenijua. Kazi ya yule bwana wa Keko, ndivyo walivyosema. Mama yako anasema hiyo inaitwa uwakala, dunia nzima inafanya hivyo, nami nanung'unikia mkate nilioula. Namwambia mkate niliula, lakini unga ulikuwa wangu. Ananiambia na moto je?

Hapo kwenye moto ndipo ninapokwama. Kwa sababu siku moja nilipeleka mzigo nikamkosa kibandani, wakaniambia yuko msibani, Temeke. Nikamfuata. Nikamkuta amevua koti la kaunda suti, anapanga viti. Hakuwa ndugu wa marehemu. Hakuwa hata jirani. Alimfahamu mtoto wa marehemu, karani bandarini, basi. Alipanga viti, akabeba maji, akaandikisha mchango wake kwenye daftari la rambirambi, na siku nzima sikumsikia akitaja fenicha. Sio siku hiyo wala arobaini. Nilikuja kuona oda ya yule karani baada ya miezi mingi, kitanda na makabati mawili. Na kwenye harusi alikuwa vilevile. Kamati gani ya harusi Keko na Chang'ombe hakukaa? Aliyajua majina ya watoto wa watu, na nani kafeli mtihani, na nani mama yake mgonjwa.

Mimi nilidhani kazi ni ile inayotoa vumbi. Kumbe yule bwana alikuwa anafanya kazi usiku na mchana, bila vumbi. Lakini hata hivyo, mama, kadi kwenye droo za mtu? Angeniambia. Angesema fundi, wewe huna mdomo, mimi nina mdomo, tugawane. Ningekubali? Nadhani ningekataa, ningemwambia kizuri chajiuza. Basi alifanya vyema asiponiambia? Hapana, siwezi kusema hivyo. Nimeibeba hoja hii kutoka mwaka 1998 na kila nikiiweka chini inasimama upande mwingine.

Alipofariki, karakana za mtaa mzima zilifungwa. Nilikwenda. Mama yako aliniuliza nikifunga begi: si ulisema mwizi? Nikamwambia mwizi anazikwa pia.

Sasa nirudi kwako, maana naona karatasi inaisha. Hujaniuliza haya, lakini kusimama dakika mbili mimi hakunitii hofu. Utasimama, utatetemeka Jumamosi ya kwanza, ya pili utazoea. Ninachokiogopa ni hiyo sehemu ya kuelekezana wateja. Ukimwambia mteja wako, "Nenda kwa fulani wa umeme, ni mwenzetu," umemdhamini. Akichoma waya za watu, hawatakumbuka jina lake, watakumbuka aliyewatuma. Umoja wa namna hiyo unakudai ulisifie kundi zima, na wewe kwa tabia zako nakujua, ukishasifu kitu huwezi kulala kikiharibika. Kwa hiyo waulize: ni lazima kutoa mteja kila wiki? Kama ni lazima, mtu ataanza kutoa wateja wa uongo ili aonekane. Na ukumbini waangalie, wanunuzi wangapi? Kama wote mnauza na hakuna anayenunua kwa mwenzie hata ndoo ya rangi, hapo mnapigiana makofi tu, na makofi ya 10,000 kwa mwezi ni ghali.

Ingia bure kwanza kama mgeni, wakikubali. Uliza pesa inakaa kwa nani na daftari ni la nani. Kama wanasajili kikundi kwa ajili ya ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu, hilo ni shauri tofauti kabisa, niambie tulizungumze peke yake. Ilisimamishwa 2023, mwaka uliofuata ikarudi, na wengi walioikosa walikuwa hawana kikundi kilichosajiliwa.

Na makochi yako yatie jina. Hili silibishani na mtu. Kipande cha kitambaa, jina na namba ya simu, kishonewe chini kule kwenye kitambaa cheusi cha tako la kochi, kwa uzi, si kwa gundi, pasipong'oleka bila kisu. Ukimshonea mtu mwenye duka akauze kwa jina lake, hayo ni makubaliano yenu, lakini yawe makubaliano. Shangazi yako anasema siku hizi watu wanachukua picha za kazi za wenzao mtandaoni wanaziweka kwenye kurasa zao. Sishangai. Droo zimebadilika tu.

Umeniomba nikwambie ndiyo au hapana. Sitasema. Dodoma siijui, niliyoijua mimi ilikuwa na vumbi na treni; sasa ni jiji, serikali iko Mtumba, kila wiki mtu anahamia na nyumba tupu inayotaka mapazia. Mtu anayehamia hana wa kumuuliza, anamuuliza aliye karibu, na huyo aliye karibu ndiye mnayekunywa naye chai Jumamosi. Ukiniangalia vizuri utaona naelekea upande gani. Lakini sisemi, kwa sababu nikisema ndiyo na ikaharibika, mama yako atapata kisa cha pili cha kunichekea. Na kizuri bado chajiuza, usije ukadhani nimeuacha msemo wangu. Nasema tu kochi halijui njia ya Mtumba.

Ile 50,000 usiikope. Kama huna mpaka mwisho wa mwezi, waambie mwisho wa mwezi.

Jambo la mwisho. Mbao za Tabora nyingi zinapita hapo kwenu. Kama kati ya hao watu wa Jumamosi yupo anayeuza mninga, mkavu wa kweli, si wa kuanikwa juzi, niulizie bei ya ubao wa inchi mbili kwa sita, na kama anasafirisha hadi Tanga. Mwambie anayeuliza ni fundi wa Ngamiani. Kama atataka kujua kazi zangu, zile picha za kabati la shangazi unazo kwenye simu.

Baba yako.