Mheshimiwa ametupa maji. Ametupa wapi?

Mama mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi, ananiandikia hivi: "Mwalimu, jambo. Mtoto wangu amepewa devwari ya shule, atafsiri neno démocratie kwa Kiswahili. Mi nilimwambia demokrasi, baba yake anasema demokrasia, shangazi yake anasema utawala wa watu, na mwalimu wao eti amesema maana yake kamili ni wengi wape. Nani ana haki?"

Mama, wote muna haki isipokuwa mwalimu, na hata yeye nitamsamehe nusu. Demokrasia njo inaandikwa vitabuni, demokrasi njo tunasema huku Lubumbashi kwa sababu sisi tuliipokea kwa mlango wa Kifaransa, na utawala wa watu ni tafsiri nzuri tu, mzizi wenyewe ni Kigiriki, demos ni watu, kratos ni nguvu. Basi. (Hao Waathene walikuwa na baraza la watu 500 na walilijaza kwa kura kabisa, ile ya bahati, maana kwa Kiarabu neno letu kura ni bahati nasibu. Bunge letu Kinshasa nalo lina viti 500, ila kwetu bahati nasibu ni ya mpiga kura.)

Sasa wengi wape. Hii methali ni ya mtu aliyechoka kubishana, wamekuzidi hesabu basi waachie yaishe. Hiyo ni hesabu, demokrasia iko wapi hapo? Kule Athens wanawake na watumwa hawakuhesabiwa kabisa, sasa wengi ni wengi gani? Na sisi wa Katanga tusijifanye hatujui, mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wa Kasai walilala gare za Likasi na Kolwezi na watoto wakingoja treni ya kuwatosha, ni kusema kuwaondoa Katanga, na waliowafukuza walijiita wenyeji. Mtu mmoja akibaki peke yake bado ana haki yake, na wengi hawana ruhusa ya kuigusa. Mwalimu aseme hiyo kwanza.

Lakini kinachoniuma zaidi siyo wengi, ni hiyo wape. Kitenzi -pa. Kikifika kipindi cha uchaguzi hiki kitenzi kinanipandisha presha.

Kule Katuba, mtaa mwingine wa Lubumbashi, kuna foraji moja, kisima cha kuchimbwa, tanki ya bluu juu ya vyuma, na chini yake kalikoti, kitambaa cha maandishi, imefungwa na waya: ASANTE MHESHIMIWA KWA KUTUPA MAJI. Nilisoma mara tatu. Kutupa maji! Kwa Kiswahili nilichonyonya mimi maji yanatupwa ukishamaliza kuosha masahani. Sikatai, sarufi inaruhusu, tu ni sisi, pa ni kitenzi, ku-tu-pa, lakini kuna kutupa ingine, ile ya takataka, na kwa macho hazitofautiani hata kidogo, wala kwa masikio. Kwa hiyo mheshimiwa ametupa barabara, ametupa shule, ametupa transfo ya umeme, na mimi nabaki nauliza ametupa wapi, nikaokote. Kiisha akishachaguliwa anahamia Kinshasa, simu haishiki tena, hapo unaongeza silabi moja tu: ametutupa.

Tuache utani. -pa ni kitenzi cha ajabu, hakikubali kusimama bila kutaja anayepokea, huwezi kusema "anapa" ukanyamaza, lazima anakupa, anawapa, anatupa. Sasa katika demokrasia anayepokea ni nani? Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 5, inasema mamlaka yote yanatoka kwa raia. Yanatoka kwetu! Kura tumempa sisi, kiti tumempa sisi, mshahara na jeep na ulinzi vinatoka kwa kodi yetu, halafu yeye akichimba shimo moja la maji kitenzi kinageuzwa kichwa chini miguu juu, yeye anakuwa mtoaji na sisi waombaji. Hiyo siyo kupa, hiyo ni kulipa. Dawa ya deni ni kulipa, na jirani akikurudishia franga zako utamwambia aksanti kwa adabu, sawa, lakini nani alishamufungia jirani kalikoti? (Na hilo neno raia lenyewe, asili yake Kiarabu ni kundi linalochungwa. Siku ingine.)

Pale foraji, mama mwingine aliyekuwa anajaza bido ya maji mbele yangu aliniona nacheka peke yangu. Nikamweleza yote, tu, pa, kupa, kulipa. Akanisikiliza mpaka bido ikajaa, akafunga kifuniko, akasema: "Mwalimu, hii bido nimelipa franga mia mbili. Lakini kalikoti hatuwezi kuitosha. Tukiitosha atakasirika, siku foraji ikiharibika hakuna mutu wa kutengeneza."

Nilikosa jibu, na mimi kwa kazi yangu nakosa jibu mara chache sana.

Basi kalikoti ibaki, nimechoka. Ila mtu apande na kipande cha makala ya jikoni, yaani mkaa, afute hiyo kutupa aandike kutuletea, maana kuleta hata mtumishi analeta, hata mtoto ukimtuma analeta, na mheshimiwa tumemtuma.

Mtoto wako aandike demokrasia. Mwalimu akimkata pointi kwa sababu hakuandika wengi wape, umtume yeye Katuba na bido tupu, ashike mulongo pale chini ya kalikoti, asome.