Dawa ya pili ya kifafa: pandisha ya kwanza kwanza

Dada, mdogo wako wa kike wa miaka 24 anameza kabamazepini, dawa ya kifafa, miligramu 200 asubuhi na jioni, bado anaanguka, na mnataka aongezewe dawa ya pili? Hiyo ni 400 kwa siku, kidogo. Watu wazima wengi hufika 800 hadi 1,200, ikipandishwa polepole na daktari. Tena dawa hiyo huchochea ini kuivunja, hivyo baada ya wiki chache kiwango damuni hushuka. Hesabuni vidonge vilivyobaki mjue kama anaruka dozi: jam ya Thika Road hula dozi nyingi za jioni. Akishtuka mikono asubuhi au kuduwaa ghafla, mwambieni daktari. Kabamazepini huweza kuzidisha hayo. Madaktari wakitaja valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ulizeni mbadala, maana hudhuru mtoto tumboni. Ya sasa isikatwe ghafla.