Kufundisha mkakati wa biashara kwa michezo ya uigaji: ushauri kwa mwalimu anayeanza

Ukipangiwa kozi ya mkakati wa biashara kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, utatamani kuanza na mchezo mkubwa wa kompyuta wenye kila kitu: bei, matangazo, mikopo, utafiti, ajira. Uache kwanza. Mchezo wenye maamuzi arobaini kila raundi humfanya mwanafunzi abahatishe, na hata akishinda hajui kilichompa ushindi. Chagua mchezo ambao wewe mwenyewe unaweza kuonyesha ubaoni, kwa chaki, kila shilingi ya hasara ilikotoka. Miwili midogo inatosha kwa nusu ya kwanza ya muhula.

Wa kwanza ni mchezo wa bia, wa kuagiza na kusafirisha mzigo kutoka kiwandani hadi dukani, uliobuniwa katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika kundi la profesa Jay Forrester. Kwa madarasa yetu bia igeuze iwe soda. Hakuna kinachoharibika, na unaepuka mabishano yasiyohusu somo.

Kila meza ina vituo vinne vinavyofuatana: duka la rejareja, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda. Weka wanafunzi wawili kila kituo, mmoja aagize na mwingine aandike. Meza moja basi ni watu wanane, na darasa la watu 48 ni meza sita. Darasa la watu 200 usilichezeshe ukumbini, ligawe kwenye semina.

Vizibo vya soda au maharage ndiyo kreti. Andaa mfuko mzima kwa kila meza, maana viwanda huishia kuzalisha kuliko ulivyodhani. Kila kituo kinaanza na kreti 12 stoo. Kati ya kituo na kituo kuna visanduku viwili vya mzigo ulio njiani, kila kimoja kreti 4. Kiwandani visanduku hivyo ni vya uzalishaji. Oda huandikwa kwenye vipande vya karatasi vilivyofunikwa, na zilizo njiani mwanzoni zote ni za kreti 4. Kreti inayolala stoo inagharimu shilingi 500 kwa wiki. Kreti iliyoagizwa ukashindwa kuitoa inagharimu 1,000, na deni hilo halifutiki: linajumlishwa kwenye oda ya wiki inayofuata. Kadi za wateja zinasema 4 kwa wiki nne za kwanza, kisha 8 kuanzia wiki ya 5 hadi mwisho. Hakuna badiliko lingine, na hiyo ndiyo siri usiyopaswa kuitoa.

Wiki moja ina hatua tano, na meza zote zifuate sauti yako. Pokea mzigo wa kisanduku cha karibu na usogeze wa nyuma yake. Soma oda uliyoletewa, utoe mzigo. Andika baki au deni. Sogeza karatasi za oda hatua moja; kiwanda kinaingiza oda yake kwenye kisanduku cha kwanza cha uzalishaji. Kisha, mwisho kabisa, andika oda mpya. Uamuzi uko kwenye hatua ya tano peke yake.

Makosa mengi huzaliwa kati ya hatua ya nne na ya tano. Mwanafunzi akiandika oda mpya kabla ya kusogeza ya zamani, oda hiyo inaruka wiki moja na mchezo mzima unapoteza maana. Ndiyo sababu wiki nne za kwanza waamuru wote waagize 4. Mwisho wa kila wiki kati ya hizo, kila fomu isomeke 12. Pasipo 12, kuna mzigo uliopotea njiani. Lakini kipimo hiki hakikamati kosa la karatasi za oda, kwa kuwa zote zimeandikwa 4. Hilo likague kwa macho: pita mezani uone kama kuna nafasi yenye karatasi mbili au isiyo na hata moja.

Vituo visizungumze, na usione haya kuwa mkali. Waambie mchezo ni wa wiki 50, kisha usimamishe wiki ya 36. Wakiujua mwisho, wataacha kuagiza wiki za mwisho ili stoo zibaki tupu, na takwimu zako zitaharibika. Wiki za mwanzo huchukua dakika nne au tano kila moja, baadaye dakika moja na nusu. Ukikosa muda na kukata kabla ya wiki ya 25, wataona uhaba tu bila kuona stoo zinavyofurika baadaye, na hapo utakuwa umefundisha nusu ya jambo, tena ile nusu isiyoshangaza.

Kabla hujafunua kadi, waombe wote isipokuwa wa rejareja wachore grafu ya mahitaji ya wateja jinsi wanavyoyafikiria. Wengi huchora mawimbi makubwa yanayopanda na kushuka. Kisha chora mstari wa kweli: 4, halafu 8 tambarare. Acha darasa lipige kelele. Mjadala wa baada ya mchezo unahitaji walau saa moja, na kama ratiba haikupi, ufanye kipindi kinachofuata, siku chache tu baadaye. Mchezo usio na mjadala ni burudani.

Kwenye mjadala wafuatishe hesabu hii. Duka linaanza wiki ya 5 na kreti 12, linapokea 4 na kutoa 8, linabaki na 8. Wiki ya 6 lina 4, ya 7 halina kitu, ya 8 linadaiwa 4. Oda liliyoiongeza wiki ya 5 inasomwa na muuzaji wa jumla wiki ya 7, na mzigo wake unafika wiki ya 9. Kwa hiyo deni la wiki ya 8 lilikuwa haliepukiki, hata duka lingeongozwa na mtu makini namna gani. Msambazaji anazipata habari wiki ya 9, kiwanda wiki ya 11. Wakati huo huku mbele kila mmoja ameshaagiza mara mbili tatu kwa hofu, akisahau mzigo aliokwisha kuuagiza ambao bado uko njiani. John Sterman, mtafiti wa MIT, alionyesha jambo hilihili katika utafiti wake wa 1989: wachezaji hawaupi uzito unaostahili mzigo ulio njiani, na gharama zao zilikuwa wastani wa takriban mara kumi ya kiwango kinachowezekana. Ukitaka mfano wa nje ya darasa, Procter & Gamble waliona oda za nepi za Pampers zikipanda na kushuka vivyo hivyo, ilhali watoto huzitumia kwa kasi ileile wiki hadi wiki.

Mwanafunzi aliyewahi kuucheza mpe kazi ya kutangaza wiki. Usimweke kituoni.

Mchezo wa pili ni wa ushindani, na unahitaji mstari mmoja wa Excel. Kampuni nne zinauza bidhaa ileile. Kila raundi kila kundi linaandika kwa siri kiasi litakachozalisha. Bei ya soko ni 120 toa jumla ya vipande vyote, na gharama ya kipande ni 20. Hesabu hizi zijue kabla ya kuingia darasani. Wote wakizalisha 20, bei ni 40 na kila mmoja anapata 400; hapo hakuna anayefaidika kwa kubadilika peke yake. Wote wakijizuia kwenye 12, bei inapanda hadi 72 na kila mmoja anapata 624. Lakini mmoja akichomoka na kuzalisha 32, yeye anachukua 1,024 na wenzake wanaambulia 384. Wote wakizalisha 25, faida ni sifuri.

Raundi tano zichezwe kimya, tano zinazofuata wape dakika mbili za kuzungumza kabla ya kuandika. Ahadi zitatolewa na zitavunjwa. Kuanzia raundi ya 10 rusha dadu, ikitoka 6 mchezo umekwisha, ili pasiwe na raundi ya mwisho inayojulikana. Na lazima useme wazi kwamba makubaliano waliyokuwa wakiyafanya mezani ni kosa kisheria: Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, Kenya ya mwaka 2010.

Kosa la mwalimu hapa ni kutoa alama kwa nafasi, yaani wa kwanza hadi wa nne. Angalia: wengine watatu wako kwenye 20, kundi moja linapanda hadi 32. Faida yake inashuka kutoka 400 hadi 256, lakini wenzake wanashuka hadi 160, kwa hiyo linaongoza. Umelifundisha kukomoa, si kutengeneza faida. Linganisha faida ya kila kundi na vigezo ulivyovikokotoa, kama ile 400 na 624, na matokeo yasizidi alama 10 katika 100. Nyingi ziende kwenye ukurasa mmoja unaoandikwa kabla ya mchezo, wa nini watafanya na wanatarajia nini, na mwingine baada yake unaoeleza pale utabiri ulipokosea. Ule wa kwanza ukusanye kabla ya raundi ya kwanza, la sivyo utarekebishwa.

Baada ya hapo ndipo michezo mikubwa ya kompyuta kama Markstrat au Capsim inaanza kufaa. Hata hapo, chezesha raundi mbili za majaribio kisha rudisha kila kitu mwanzo. Kundi lililoanguka raundi ya kwanza kwa kutoelewa fomu halifundishiki tena muhula huo.