Mume yuko Mererani: nesi anaweza kunipa na dawa zake?

SWALI: Nilikuwa natokwa na uchafu ukeni na kuumia nikikojoa. Zahanati hapa Pasua nesi alinichoma sindano, akanipa vidonge vya doksisaiklini na kadi ya mwenza, ya kumwita mume naye atibiwe. Mume wangu yuko machimboni, hashuki mpaka mwisho wa mwezi. Nimgawie vidonge vyangu, au nimwombe nesi aniandikie na vyake?
Mama Wawili, Moshi

JIBU: Usimgawie hata kimoja, dada. Dozi ya doksisaiklini ni miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 7, yaani vidonge 14 vya mtu mmoja. Mkigawana saba saba hakuna anayepona. Vijidudu vinapungua, dalili zinatulia, kisha mnaanza kuambukizana upya.

Kuhusu kuandikiwa: utaratibu huo upo. Marekani mamlaka za afya ziliukubali mwaka 2006 kwa magonjwa ya zinaa ya klamidia na kisonono. Uingereza mhudumu huzungumza kwanza na mwenza kwa simu, ndipo dawa zimfikie. Kwako, ataamua muuguzi na mganga mfawidhi kwa mwongozo walio nao. Wakikubali, mpigie mume mkiwa hapo hapo, aulizwe mwenyewe: ana mzio wa dawa yoyote? Anatumia dawa gani nyingine? Ana kidonda, homa, au korodani inauma na kuvimba? Jibu la ndiyo kwa kidonda, homa au korodani linafunga mjadala: lazima aonwe. Hali kadhalika kaswende, kwa kuwa tiba yake ni sindano ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, wala haifungwi kwenye bahasha.

Hata hivyo, mimi ningeanza na kadi. Si lazima aipeleke Pasua. Piga picha umtumie, aende nayo kituo cha afya kilicho karibu na machimbo. Huko atachomwa sindano ya kisonono, ambayo vidonge peke yake si mbadala mzuri wake, na atapimwa VVU na kaswende. Vipimo hivyo ndivyo vinavyopotea dawa zikisafiri kwa basi bila mgonjwa kuonwa.

Vyovyote iwavyo, doksisaiklini inywewe na glasi nzima ya maji, mtu akiwa amekaa au amesimama, asilale papo hapo. Ikikwama kooni inachoma. Isichanganywe na maziwa wala vidonge vya madini ya chuma. Na kama una ujauzito, rudi leo ubadilishiwe, kwa kawaida azithromaisini. Msikutane kimwili mpaka zipite siku 7 tangu sindano au dozi moja ya aliyetibiwa mwisho, au amalize vidonge vyake vyote. Kwa hiyo akirudi mwisho wa mwezi bila kutibiwa, hesabu inaanzia siku atakayotibiwa.

Ukihofia kwamba habari hii italeta kipigo, usimwambie peke yako. Mweleze muuguzi, mpange namna ya kumwita bila kukutaja.

SWALI: Mke wangu kaleta kadi. Mimi sina dalili yoyote, ninywe dawa za nini?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Klamidia na trikomona, ugonjwa mwingine wa zinaa, huweza kukaa kwa mwanamume kimya kabisa, na unaambukiza vilevile. Nenda na kadi hiyo. Haisemi nani alianza, na muuguzi hana kipimo cha kulijua hilo.