Maswali na majibu: Slaidi zilizofurika, vyanzo vya kuokoteza

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanafunzi wa vyuo, na nyingi zinalia kilio kimoja. Nimechagua tano.

Mwalimu, nimepewa dakika 10 za kuwasilisha mada na nina slaidi 32. Zimejaa maneno kwa sababu naogopa kusahau. Mhadhiri kaniambia nilikuwa nasoma ukuta. Nipunguze nini?

Piga hesabu kwanza: slaidi 32 kwa dakika 10 ni kama sekunde 19 kila moja. Hata mtangazaji wa mpira hupumua. Lakini ugonjwa wako si idadi, ni hofu. Umeitwika slaidi mizigo miwili: iwe karatasi yako ya kukumbushia, na papo hapo iwe kielelezo cha wasikilizaji. Anayesoma sentensi ukutani hakusikii, na kwa kuwa macho hukimbia kuliko ulimi, atamaliza kabla yako kisha akae anakungoja umfikie.

Maneno yako yahamishie kwenye nafasi ya maelezo ya msemaji, ile iliyo chini ya slaidi. Ukiwasha mwonekano wa msemaji utayaona wewe tu kwenye kompyuta yako, ukutani hayatokei. Kisha kichwa cha kila slaidi kiandike kiwe sentensi kamili inayodai jambo. "Mfumuko wa bei" si dai. "Bei zilipanda baada ya mafuta kuadimika" ni dai, na chini yake unaweka grafu moja inayolithibitisha. Slaidi usiyoweza kuipatia sentensi haina la kusema. Ifute bila huruma.

Ukiona nakuza mambo, sikiliza hili. Januari 2003 chombo cha anga Columbia kiligongwa bawa na kipande cha povu kilipokuwa kikipaa. Wahandisi waliotathmini hatari hiyo waliwasilisha matokeo yao kwa slaidi. Mojawapo ilikuwa na kichwa cha kutia matumaini, vidokezo juu ya vidokezo, na chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho, ndipo palipoonekana kwamba kipande kile kilikuwa kikubwa zaidi ya mara 600 kuliko kile kilichotumika kwenye majaribio waliyoyategemea. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea duniani, na wote 7 waliokuwamo wakafa. Ripoti ya uchunguzi iliyotoka Agosti mwaka huohuo iliitoa slaidi ile kama mfano, ikakemea tabia ya kutumia slaidi mahali pa ripoti za kiufundi. Si slaidi iliyovunja bawa. Ila jambo zito kuliko yote lilikuwa limeandikwa pale, na nafasi lililopewa ni ya mkiani.

Rangi gani zinapendeza? Napenda maandishi mekundu juu ya bluu.

Tafadhali acha. Kinachosomeka si rangi, ni tofauti ya mwanga kati ya herufi na mandhari yake. Miongozo ya WCAG inayofuatwa na watengenezaji wa tovuti inataka tofauti isiyopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa makubwa. Na hiyo ni kwenye skrini nzuri. Projekta iliyochoka huififisha zaidi. Igeuze slaidi iwe ya kijivu kwenye programu yako. Herufi zikizama, rangi zako zimefeli. Usitenganishe mistari ya grafu kwa nyekundu na kijani peke yake, maana wapo wasioweza kuzitofautisha, hasa wanaume. Andika jina la kila mstari pembeni mwake. Ukubwa wa herufi? Rudi nyuma hadi kiti cha mwisho ukajisomee mwenyewe.

Nikitafuta mtandaoni napata matokeo maelfu, na yote yanarudia maneno yaleyale. Wenzangu wanapata wapi makala za maana?

Pengine unaiuliza Google kama unavyomuuliza rafiki. Ifunge kamba. Maneno uyatakayo yakiwa pamoja yatie ndani ya alama za mtajo. Neno linalokuharibia matokeo liwekee alama ya kutoa mbele yake. Ukiandika site:who.int kisha malaria, utapata kurasa za Shirika la Afya Duniani tu. Ukiongeza filetype:pdf, utapata mafaili ya PDF, na humo ndimo ripoti nyingi hukaa.

Lakini hizo ni mbinu za vidole. Kubwa zaidi ni msamiati. Wewe unatafuta "vijana kukosa kazi", wataalamu wanaandika "ukosefu wa ajira kwa vijana"; mnapishana njiani. Tafuta makala moja nzuri, moja tu, uichune: chukua istilahi zake, kisha nenda kwenye marejeo yake uone imesimama juu ya nani. Hapo umerudi nyuma. Kwenda mbele, fungua makala hiyohiyo kwenye Google Scholar, huduma ya kutafuta makala za kitaaluma iliyopo tangu 2004, ubofye kiungo kinachoonyesha waliokuja kuinukuu. Kwa makala moja umepata ukoo mzima, mababu na wajukuu.

Ukikuta humo makala imefungiwa kwa malipo, bofya matoleo mengine yaliyoorodheshwa chini yake. Mara nyingi mwandishi ameweka nakala ya bure mahali fulani. Ikishindikana, mwandikie kwa heshima umwombe. Wengi hufurahi kwamba kuna mtu amewasoma.

Mhadhiri anakataza Wikipedia. Anatuonea?

Hawaonei. Wikipedia yenyewe inasema isitumiwe kama chanzo cha kutegemewa. Isome upate ramani, shuka kwenye marejeo ya chini, ukasome na kunukuu hayo.

Niliiomba programu ya akili mnemba inipe vyanzo 5. Viwili sivioni popote. Nitafute wapi tena?

Usitafute, havipo. Programu hizi hutunga maneno yanayoelekea kufuatana, na rejea ya uongo hufuatana vizuri sana: jina la mwandishi, mwaka, jarida, hata kurasa. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani hoja zenye kesi zilizotungwa na ChatGPT. Wao walikuwa watu wazima wenye leseni.

Na vile vitatu ulivyoviona, umevifungua? Makala nyingi za kitaaluma zina namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, inayoanza na 10. Iingize kwenye doi.org uone inakupeleka kwenye makala iliyotajwa au kwingine kabisa. Halafu hakikisha makala haijafutwa, yaani jarida lililoichapisha halijaikana. Ile ya jarida la The Lancet ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilifutwa 2010, na bado kuna wanaoinukuu kama vile haikuguswa.

Mimi programu hizo nazitumia kwa kazi nyingine: naipa hoja yangu na kuiambia iniulize maswali makali kumi. Maswali yakiwa ya kijinga hayanigharimu kitu. Siku moja iliniuliza swali moja la maana, nikaamka usiku kurekebisha grafu.

Kuhusu ulichoongeza mwishoni, kwamba kompyuta ya ukumbini ilivuruga fonti zako: nami yamenikuta, herufi zikageuka visanduku mbele ya watu. Tangu hapo nabeba na nakala ya PDF, ambayo haibadiliki sura. Na kwenye PowerPoint, mambo yakikwama, bonyeza herufi B. Skrini inakuwa nyeusi, wewe unaendelea kuongea huku mtu akitafuta waya. Ukiibonyeza tena, slaidi inarudi.