Maswali ya Wasomaji: Nyota Inayofifia Chini ya Kilimia

Ndugu wahariri, asalaam aleikum. Jumamosi usiku nikiwa ufukweni Sahare niliona nyota moja chini ya Kilimia (kile kishada cha nyota, Pleiades) imefifia sana. Jumapili yake iling'aa kama kawaida. Je, ni wingu tu? – Msomaji, Tanga

Waaleikum salaam. Wingu lingezifunika na jirani zake. Kwa maelezo yako tunaamini uliona Algol, ya kundinyota la Farisi, ambalo ramani nyingi huliandika Perseus. Kwa jicho ni nyota moja, lakini ni mbili zinazozungukana kwa karibu mno: moja ya moto na nyeupe inayoelekea samawati, nyingine pana zaidi lakini hafifu. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 ile hafifu hupita mbele ya mwenzake na kumziba sehemu. Mwangaza hushuka hadi karibu theluthi moja kwa saa 5 hivi, kisha hupanda kwa muda kama huo. Nyota angavu inapopita mbele pia mwanga hupungua, ila kidogo mno kwa macho.

Maelezo haya yalitolewa mwaka 1783 na John Goodricke wa York, Uingereza, kijana wa miaka 18 asiyesikia, aliyetumia macho yake na subira. Mwaka 1889 Hermann Vogel aliyathibitisha kwa kuuchambua mwanga wa nyota hiyo.

Niitafuteje, na nitajuaje saa yake? – Msomaji, Pongwe

Desemba na Januari mapema usiku, tazama kaskazini. Kilimia kikiwa juu, shuka ngumi mbili kwa mkono ulionyooshwa, ukielekea kushoto kidogo. Kwetu Algol hufika karibu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Ramani ya Ulaya igeuze juu chini, la sivyo utapotea. Mjini Tanga bandari iko upande huohuo wa kaskazini na taa zake hukera macho; afadhali uende ufukweni Raskazone.

Usikisie "imefifia", linganisha. Kushoto, ngumi moja na kidogo, kuna nyota Almach ya kipimo cha mwangaza 2.1. Kulia, ngumi moja, kuna Epsiloni ya Farisi, 2.9. Juu kushoto, ngumi mbili, kuna Alfa ya kundinyota la Pembetatu, 3.4. (Kipimo kikiwa kikubwa, nyota ni hafifu.) Siku za kawaida Algol hulingana na Almach; kupatwa kukifika kilele, yaani inapozibwa zaidi, hushuka hadi kama Alfa ya Pembetatu. Nyota iliyo juu yake kidogo tu, Ro ya Farisi, usiitumie kabisa: nayo hubadilika, na wengi imewaharibia hesabu.

Anza saa 3 kabla ya kilele. Kila nusu saa andika saa na nyota inayolingana nayo. Ikilingana na Epsiloni saa 2:05 ikishuka, na tena saa 5:15 ikipanda, kilele ni katikati: saa 3:40. Hapo umepima nyota kwa macho na saa ya mkononi, jambo tunalomsihi kila msomaji alijaribu. Acha ikikaribia upeo, kwani ukungu wa bahari hufifisha nyota zote za chini.

Saa za vilele huchapishwa kwa UTC, yaani saa za kimataifa. Ongeza saa 3, na hapo ndipo tarehe huwachanganya watu. Kilele cha Jumatano 21:49 UTC kwetu ni 00:49 ya Alhamisi, yaani saa 6:49 usiku wa kuamkia Alhamisi. Kinachofuata ni Jumamosi saa 3:38 usiku, halafu Jumanne saa 12:27 jioni, jua bado lipo: utaona kupanda tu. Kwa kuwa kila kilele huja mapema kwa saa 3 na dakika 11, msururu huu huishia mchana, na hurudi usiku baada ya wiki kadhaa.

Je, kuna nyingine ya aina hii upande wa kusini? – Msomaji, Muheza

Ipo: Zeta ya kundinyota la Phoenix, karibu na nyota angavu Achernar, umbali wa nusu ngumi. Hushuka kutoka 3.9 hadi 4.4 kila baada ya siku 1 na saa 16. Tofauti ni ndogo, hivyo itafute usiku usio na mwezi, baada ya kuizoea Algol.