Jicho jekundu lisilo na tongotongo, usilichukulie poa

Jamani watu wa Moshi na Arusha, najua vumbi linatusumbua wote, na jicho likiwa jekundu kila mtu atakwambia ni vumbi au yale macho mekundu ya kuambukizana, lakini kuna wekundu mwingine nataka muujue.

Langu lilikuwa jicho moja tu. Halitoi tongotongo, haliwashi, ila linauma kwa ndani na mwanga siutaki kabisa, yaani mchana nimejifunika khanga usoni, halafu wekundu wenyewe umekusanyika kuzunguka ile sehemu nyeusi na naona ukunguukungu. Hiyo ilikuwa yuveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho. Ukiona hivyo nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, hospitali ya KCMC hapa Moshi wana idara nzima ya macho, utaegemeza kidevu kwenye mashine akumulike ndani. Matone ya steroidi usijinunulie duka la dawa tafadhali, ni dawa nzuri ila kama una virusi vya hepesi kwenye jicho yanaharibu zaidi, na ukiyatumia ovyo yanapandisha presha ya jicho.

Sasa kilichonishangaza ni swali la daktari: "Dada, asubuhi mgongo unakuwaje?"

Mgongo! Miaka yote naamka nimekaza, nashika ukingo wa kitanda ndo ninyanyuke, nikishatembeatembea unaachia, nikikaa sana unarudi, na mimi najua ni ndoo za maji. Kumbe mgongo wa kazi mara nyingi unapoa ukipumzika, huu wa kinga ya mwili kushambulia viungo vyako mwenyewe ukipumzika ndo unazidi. Jicho na mgongo vilikuwa ugonjwa mmoja, unaitwa ankilosing spondilaitisi.

Na sio huo tu. Sakoidosisi, ugonjwa unaotengeneza vivimbe vidogo mwilini hasa mapafuni, inaweza kuanzia machoni, ugonjwa wa Behçet pia, huo unakuja na vidonda vya mdomoni na sehemu za siri vinavyojirudiarudia. TB na kaswende nazo zinaingia jichoni, kwa hiyo ukiambiwa upime usikasirike, tena dawa za kushusha kinga, ambazo unaweza kupewa kutibu magonjwa haya, zinaweza kuamsha TB iliyolala.

Kwa hiyo mkiwa kliniki semeni yote, viungo, mgongo, vidonda, kikohozi, hata kama mnaona havihusiani na jicho.

Wazazi, hili nawaomba sana: mtoto mwenye ugonjwa wa kuvimba viungo apelekwe macho kila anapopangiwa hata kama halalamiki, maana kwa watoto jicho linaweza kuwa jeupe kabisa bila wekundu, haliumi, na huku ndani linaharibika.